Mama Tumaini Alivyosalimia Mpaka Kengele Ikalia

Apple Valley, Minnesota
Jumapili asubuhi

Mama yangu mzazi,

Assalamu alaikum, na shikamoo. Marahaba yako nimeshaisikia kabla hujaitamka, maana sauti yako ninatembea nayo huku. Goti limepoa? Yule fundi wa paa amemaliza kazi, au bado anakuja kila asubuhi kunywa chai na kuyaangalia mabati kwa mbali? Mama Mdogo hajambo, na sukari yake imeshuka? Natumaini mko salama wote, na mihogo ya shambani nguruwe wamewaachia kidogo mle na nyinyi.

Sisi huku wazima. Baridi imeanza kulegea, theluji imebaki vichuguu vyeusi pembeni mwa maegesho ya magari, na watu wa hapa wakiliona hilo jua kidogo wanavaa kaptura kama wamefika ufukweni Raskazone. Mume wangu anakusalimu. Yusra amenipita urefu. Kiswahili anakisikia chote, hata cha kumsengenya, lakini akijibu ni Kiingereza kitupu. Kazi yangu kule Plymouth ni ileile ya uhasibu. Mdogo wangu Athumani bado yuko hotelini Bloomington, karibu na uwanja wa ndege, na sasa wamemfanya msimamizi wa zamu. Mkewe, mkweo Mwanaidi, naye hajambo, na habari zake ndizo zilizonifanya nikae chini niandike.

Barua hii anakuletea Mama Tumaini, mwenyekiti wa umoja wetu wa akina mama wa Kitanzania. Ni mtu wa Tukuyu, Mmoravian wa kwaya, anaenda kwao likizo lakini amesema lazima apite Tanga akuone. Bila shaka sasa hivi amekaa hapo mbele yako na kikombe cha chai. Mpe kiti kizuri, Mama. Nitamsema sana humu ndani, na ruhusa amenipa mwenyewe. Na wewe Zena, mtoto wa kaka yangu, unayemsomea bibi yako, kaa vizuri shangazi yako nikuone. Usiruke mstari kwa kuona haya, na ukifika pa kulia, lia kisha uendelee.

Mama, juzi kwenye simu umeniuliza tena: yule mtoto wa kwanza wa Athumani alikufa na nini? Kila ukiuliza tunakujibu kwamba ni kazi ya Mungu, nawe unanyamaza kwa adabu yako, lakini najua hujaridhika. Mwanaidi alikuwa hataki lisemwe. Sasa amesema nilieleze, tena lote, kwa sababu tulichokuwa tunakipigania tumekipata wiki iliyopita, na mimi furaha imenijaa mpaka nimeanza kuimba ofisini. Bosi ameniuliza kama naumwa.

Lazima nianze na jambo ambalo kwako wewe halihitaji maelezo. Unakumbuka Mzee Shekue alipofariki, kijana wake alivyokuja kwetu alfajiri? Ulitoka ukamwuliza, hamjambo? Hatujambo. Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto? Wazima. Mama? Mzima. Ndipo akasema, "Ila mzee ametutoka." Hakuna aliyemwona mwongo. Kwetu ile nzuri ni kama kumfungulia mgeni mlango. Kilichomo ndani ataonyeshwa akishaingia. Sasa ichukue desturi hiyo uipeleke kwenye wodi ya wazazi Marekani, uone.

Mwanaidi alijifungua yule mvulana vizuri. Siku ya pili akaona mtoto havuti titi sawasawa, analala tu, na miguu yake ni ya baridi hata akifunikwa. Muuguzi akaingia, mtu wa haraka kwa sababu wodi imejaa, akauliza kwa tabasamu: mama hujambo, na mtoto je? Mwanaidi akajibu kama alivyolelewa: nzuri, asante, tunamshukuru Mungu. Akanyamaza kusubiri aulizwe la pili. Kichwani alikuwa ameshayapanga maneno ya Kiingereza ya kusema kwamba mtoto hanyonyi. Muuguzi akaandika, akaondoka. Wa zamu iliyofuata naye hivyohivyo, na aliyempokea huyo naye hivyohivyo. Kila mmoja aliuliza mara moja, akapewa ile nzuri ya mlangoni, akaenda zake. Kesho yake wakaruhusiwa kwenda nyumbani.

Usiseme kosa ni la Mwanaidi, maana hilo yeye mwenyewe amejiambia vya kutosha. Walipofika nyumbani Athumani alipiga simu hospitali. Unamjua mwanao, hana simile. Hakuanza hata na salamu. Alisema wazi, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba mtoto hanyonyi, ni wa baridi, na wao hawapendi wanachokiona. Wa upande wa pili akamwambia watoto wachanga hulala sana, mlete siku ya miadi. Akapiga tena, akaambiwa apunguze sauti. Jioni ile wakamkimbiza wenyewe kwa gari lao. Yalikuwa maambukizi ya damu, na yalikuwa yameshakwenda mbali mno. Ndivyo alivyokufa mjukuu wako, Mama. Mama yake alikuwa mpole, hakusikika. Baba yake akawa mkali, hakuaminika.

Tulimzika kwenye ardhi iliyoganda mpaka ikachimbwa kwa mashine. Shekhe akatuambia maneno mema, kwamba huyo ni ndege wa peponi na atawaombea wazazi wake. Naamini hivyo. Ila baada ya siku ile hakuna aliyemtaja tena, tukidhani tunamhifadhi Mwanaidi, naye akaacha kuja kwenye shughuli, akaacha hata kupokea simu. Athumani akawa anaomba zamu za ziada ili asikae nyumbani.

Sasa kazini kwangu kuna mama anaitwa Loretta. Ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa upande wa kaskazini wa Minneapolis, anashughulikia mishahara. Miaka yote tulikuwa watu wa kuamkiana tu. Siku moja alinikuta nimeikodolea macho kompyuta ambayo sijaiwasha. Akavuta kiti akaniuliza kuna nini. Nikamwambia salama tu. Hakuondoka. "Sijauliza kama salama," akasema. "Nimeuliza kuna nini." Basi, Mama, nikalia palepale mbele ya mtu wa mishahara, mimi ambaye hata msibani nasifiwa kwa kujikaza.

Alipokwisha kunisikiliza akanieleza ya kwake. Nakuwekea kwa Kiswahili, ingawa sauti yake ningeweza ningeitia kwenye bahasha.

"Binti yangu amezaliwa hapa," aliniambia. "Kiingereza ni chake. Alisema tangu asubuhi kwamba kuna kitu hakiko sawa. Wakamwambia ana wasiwasi wa uzazi wa kwanza. Mjukuu wangu nimemzika, Saumu, na binti yangu alikuwa amesema."

Akanifahamisha kwamba hilo si la familia mbili hizi. Katika nchi hii yenye mashine za kila namna, mtoto mweusi yuko kwenye hatari kubwa kuliko mtoto mweupe ya kufa kabla hajatimiza mwaka, hata mama yake awe na shahada na bima nzuri. Serikali yenyewe inakiri. Yeye na wanawake wa makanisa ya kwao walikuwa wanalipigania tangu mimi sijazijua barabara za huku. Niliona haya kwamba tumekaa jirani muda wote huo na hatujui kwamba tunalia kilio kimoja.

Nikampeleka kwa Mama Tumaini. Umoja wetu ulikuwa wa harusi na misiba. Tunajua kupika pilau ya ukumbi mzima na kusafirisha maiti mpaka Kilimanjaro. Kupambana na hospitali hatujui. Tukakutana sebuleni kwa Mama Tumaini, Waislamu kwa Wakristo, na wale wa Kenya wakaja. Loretta alikaa katikati na sahani ya maandazi mapajani.

Mama Tumaini akaanza kwa kuogopa. "Jamani, sisi ni wageni hapa. Tukagombane na watu waliotuzalisha?"

Fatma wa Mombasa, mwenye duka la vitambaa, akamjibu, "Mama Tumaini, wewe passport ya hapa uko nayo tangu lini? Huu ugeni wako una-expire lini? Mimi nita-drive van, nyinyi mtaongea."

Tukacheka mpaka Loretta akataka atafsiriwe, na alipotafsiriwa akacheka kuliko sisi.

Tukakubaliana kuomba mambo mawili tu. La kwanza, muuguzi akiuliza na kujibiwa nzuri, akae kitini aulize tena, kitu kimoja kimoja: ananyonya, anapumua vipi, miguu ina joto, na wewe mama je, kichwa kinauma? La pili, mzazi akisema kuna kitu hakiko sawa, aje mtu amwone mtoto kwa macho, isiwe majibu ya simu. La kwanza lilikuwa letu, la pili lilikuwa la akina Loretta. Tukaandika, tukapeleka hospitali ileile, tukasubiri.

Jibu lilikuja limejaa asante. Walikuwa tayari kuwafundisha wauguzi mila za wahamiaji kutoka Afrika. Hilo la pili wakasema utaratibu uliopo unatosha. Yaani sisi tupewe letu, Loretta arudi kwao mikono mitupu. Wapo waliotaka tupokee, maana kidogo si haba, na mimi Mama sikufichi, kwa dakika chache nilishawishika. Mama Tumaini, yuleyule wa kuogopa, ndiye aliyepiga meza. "Huyu mama amekula kwangu," akasema. "Nusu hatuchukui." Basi hatukuchukua. Tukaamua kwenda kwenye kamati ya afya ya kaunti, yaani kama halmashauri ya wilaya kwetu, ambayo ndiyo inayozipa hospitali sehemu ya fedha zake.

Siku ya kikao barafu ilikuwa imefunga barabara na Fatma aliendesha kama anabeba mayai. Ukumbi una zulia, viti vya ngozi mbele, na kila msemaji anapewa dakika mbili kwenye maikrofoni. Kuna taa. Ikiwa ya kijani unasema, ikiwa ya njano unamalizia, ikiwa nyekundu kengele inalia na umekwisha. Wa kwanza kwetu alikuwa Mama Tumaini, amevaa kitenge kipya na kilemba chake kile cha Pasaka. Hotuba alikuwa ameikariri wiki nzima, akiwa jikoni, akiwa kwenye gari. Sote tulikuwa tunaijua.

Sasa mwambie Zena asimwangalie mgeni wako usoni.

Mama Tumaini akasimama mbele ya wale watu wazima, na malezi yake yakamkataza kuanza na shida. Akamwamkia mwenyekiti. Akawaamkia wajumbe wote. Akawauliza habari za nyumbani kwao. Akawapa pole ya kazi na pole ya baridi. Akaleta salamu za akina mama wa Kitanzania, na za akina mama wa Kenya, na za mchungaji wake, na za imamu wetu ambaye nakuhakikishia hakumtuma. Akasema sisi hatujambo kabisa, tumepokewa vizuri katika jimbo hili, wauguzi ni watu wema na Mungu awabariki. Taa ikawa ya njano. Akadhani ni dalili ya kukubalika, akamwuliza mwenyekiti kile kikohozi alichonacho kimeanza lini. Ikawa nyekundu, kengele ikalia.

"Asante sana, bibi," mwenyekiti akasema. "Tumefurahi kusikia kwamba mnahudumiwa vizuri."

Mama Tumaini akarudi kukaa. Akaninong'oneza, "Saumu, nimetuharibia." Nyuma yetu alikuwa Mwanaidi, tuliyemburuta aje angalau akae tu, na nilipogeuka nikaona ameinamisha kichwa kama siku ile ya maziko. Nikapandwa na hasira, Mama, na unajua nikipandwa ulimi unakuwa mwepesi. Nikaiacha hotuba yangu kwenye kiti, nikaenda.

Nikawaambia: "Mmemsikia dada yangu akisema hatujambo. Mnadhani ametoka nyumbani kwenye barafu ile kuja kuwaambia hivyo? Kwetu msiba hautupiwi mtu usoni. Unamwamkia kwanza, unamwambia nzuri, halafu unamwambia kilichokuleta. Kilichomleta kilikuwa kinafuata, na nyinyi mkapiga kengele. Mtoto wa mdogo wangu amekufa hivyohivyo. Kila muuguzi alimwuliza mama yake mara moja, akaambiwa nzuri, akaondoka, na maneno yenyewe yakabaki kwenye midomo ya mama. Na kama mnadhani dawa ni sisi tujifunze kusema upesi, mwulizeni anayenifuata."

Nikakaa taa ingali ya kijani. Loretta akasimama. Hakumwamkia mtu.

"Wanawake hawa wakisema hawajambo, mnawaamini," akasema. "Sisi tukisema tunaumia, hamtuamini. Naomba mjue kwamba watoto wetu wanazikwa makaburi ya mji mmoja." Kisha akaeleza ya binti yake, taratibu, bila kupandisha sauti hata kidogo.

Mjumbe mmoja mwanamke akavua miwani akaifuta muda mrefu. Mwenyekiti akaangalia karatasi zake, akamwangalia Mama Tumaini, akasema, "Bibi, naomba urudi mbele. Ulikuwa unakuja kutuambia nini?" Na kile kidude cha taa akakizima. Mama Tumaini akarudi kwenye maikrofoni, akakiweka kilemba sawa, na wallahi Mama, akaanza tena kwa salamu. Ukumbi mzima ukacheka, mwenyekiti akacheka, naye mwenyewe akacheka, lakini mara hii aliachiwa akafika mwisho. Alipofika mwisho hakuna aliyekuwa anacheka. Kabla hatujatoka kamati ikaagiza mambo yote mawili yajaribiwe katika ile hospitali, kwa pamoja, na sisi tuitwe kuwafundisha wauguzi.

Wakati huo Mwanaidi alikuwa na mimba ambayo hakuna aliyeitaja kwa sauti. Siku za kujifungua zilipokaribia, Athumani akataka ampeleke hospitali nyingine, mbali kabisa na ile. Mwanaidi, ambaye kwa muda mrefu alikuwa hasemi zaidi ya ndiyo na hapana, akakataa.

"Nitakwenda palepale," akasema. "Kama pamebadilika, nataka nione. Kama hapajabadilika, nataka niwepo niwaambie."

"Mwanaidi, please," Athumani akamwambia. "Mimi mara ya pili siwezi."

"Wala mimi siwezi. Ndiyo maana naenda."

Nikachukua likizo nikakaa naye. Mtoto akazaliwa, msichana, sauti nzuri, rangi nzuri. Asubuhi iliyofuata akaingia muuguzi, binti mweupe mwembamba, akauliza mama hujambo. Na Mwanaidi, baada ya yote tuliyopigania, baada ya barafu na kamati na kengele, akajibu: nzuri, asante. Nilitaka nimfinye. Nikajizuia, nikauma shela yangu nisiseme, maana siku moja sitakuwepo na muuguzi atakuwepo.

Yule binti akaandika kitu, kisha akavuta kiti akakaa. Mama, sijui kama umewahi kumpenda mtu kwa sababu ya kukaa kitini. Akauliza: ananyonya? Mwanaidi akasema ananyonya. Analala na kuamka? Ndiyo. Miguu? Ina joto. "Na kuna chochote kinachokutia hofu," akauliza, "hata kama unaona ni kidogo cha kuchekesha?" Mwanaidi akamwangalia mtoto. Akachukua muda, yule binti akamngoja wala hakuangalia saa. "Anapumua haraka," Mwanaidi akasema. "Ilianza alfajiri. Na kila akipumua, hapa kifuani panabonyea."

Binti hakumwambia kwamba watoto wachanga ndivyo walivyo. Alitoka, akarudi na daktari, na daktari akamfunua mtoto, akasikiliza, akamwinua palepale akampeleka wodi ya watoto wachanga. Yalikuwa maambukizi tena, lakini ndiyo kwanza yanaanza. Dawa zikaingia mapema. Siku ile daktari alipokuja kutuambia kwamba hatari imepita, Athumani alikuwa ametoka kazini na sare yake ya hoteli. Alisujudu kwenye korido, katikati ya njia, na watu wenye vitanda vya magurudumu wakasubiri mpaka akainuka.

Huyo ndiye somo yako Mariamu, Mama, huyo unayemwona kwenye simu akiilamba skrini. Sasa unajua alivyotufikia. Arobaini yake wanawake wa umoja walipeana zamu kumkanda Mwanaidi na kumpikia uji wa pilipili manga, na Loretta akadai naye apewe zamu. Akaja na bakuli la makaroni ya jibini zito kama saruji. Mwanaidi alilimaliza lote.

Tangu hapo, hospitali ile imekuwa nyingine kwetu. Simaanishi hakuna mtoto anayefariki, maana hilo halimo mikononi mwa mtu. Nasema akina mama wanaulizwa wakaulizika, na wakisema wanasikilizwa, na tumeshawabeba watoto ambao wauguzi wenyewe wanakiri kwamba zamani wangewapita bila kugundua kwamba wanaumwa. Kamati ikaona. Wiki iliyopita ikakaa kupiga kura kwamba mambo hayo mawili yawe sharti kwa kila hospitali inayopokea fedha za kaunti. Zikiyakataa, fedha zinasimama. Kulikuwa na mawakili waliokuja kupinga, wenye mikoba mizuri, na mpaka asubuhi ile Loretta alikuwa anasema huenda tukashindwa kwa kura chache.

Tulikuwa tumepanga niseme mimi. Tulipokuwa kwenye van Mwanaidi akasema kutoka kiti cha nyuma, "Wifi, leo nipe mimi." Fatma akakanyaga breki bila sababu.

Akaenda mbele na Mariamu mgongoni kwa khanga juu ya koti. Mama Tumaini akaanza kuomba kwa Kinyakyusa pembeni yangu. Mwanaidi akasema kwa Kiingereza chake, polepole, kila mtu akasikia:

"Jina langu ni Mwanaidi. Nina watoto wawili. Wa kwanza ni Hamisi. Wa pili ni huyu mgongoni."

Mama, jina hilo nilikuwa sijalisikia likitamkwa na kinywa cha mtu tangu siku tuliyomzika. Athumani alimpa jina la Baba siku ileile aliyozaliwa, na sisi sote tukalizika pamoja naye. Mwanaidi akawaeleza habari za Hamisi kama mtu anavyoeleza habari za mwanawe, kwamba alikuwa na nywele nyingi, na vidole virefu, na alipenda kulalia ubavu wa kushoto. Akawaeleza aliyoulizwa na ambayo hakuulizwa. Kisha akamgeuza Mariamu mbele, akawaonyesha, akawaeleza ya huyu. Hakuna wakili aliyetaka kusema baada yake.

Walipiga kura kwa kunyoosha mikono, na ulibaki chini mkono mmoja tu. Sisi tukapiga vigelegele na makofi ndani ya ukumbi ule wa zulia. Mlinzi akaja mbio akidhani kuna fujo. Loretta akajaribu kigelegele naye, kikatoka kama mtu aliyepaliwa, lakini alikuwa analia na hakujali. Mariamu akapiga makofi kwa sababu sote tulikuwa tunapiga. Tumeshinda, Mama. Wanawake wa pilau na misiba, na wanawake wa makanisa ya kaskazini, tumeshinda kabisa, na kwa mambo yote mawili.

Nimalize, maana Mama Tumaini anapiga honi nje, na ndege haimsubiri mwenyekiti. Nisalimie Mama Mdogo, mwambie dawa za sukari zimo kwenye begi jeusi. Nisalimie kaka mkubwa na shemeji, na shangazi wa Muheza, na mwalimu wangu wa chuoni ambaye aliniambia mdomo wangu utaniponza, mwambie bado haujaniponza. Msalimie yule jirani anayekuchotea maji. Wewe Zena, asante kwa kusoma, zawadi yako iko kwa mgeni.

Na wewe Mama yangu, nina ombi moja, nalo limetoka kwa Mwanaidi mwenyewe, ameniambia nisisahau kuliandika. Majirani wakikuuliza, msikitini au kisimani, wajukuu wako kwa Athumani ni wangapi, usiseme mmoja. Sema ni wawili, na uwataje majina yao.

Mwanao akupendaye,
Saumu